Mkia Chini ya Herufi

Mama mudogo alifika kwangu Butembo, mashariki ya Kongo, asubuhi ya ukungu, amebanwa nyuma ya pikipiki pamoja na godoro na jembe lisilo na mpini. Alitoka upande wa Manguredjipa, ambako alikuwa amelima mpunga na maharagwe tangu aolewe. Ni mdogo wake marehemu mama yangu, ana miaka sabini na kitu, na hapendi kuhurumiwa. Nilipotaka kumkumbatia aliniambia kwanza nishike godoro lisiguse matope. Juu ya yaliyotokea kijijini kwao hakusema neno siku ile, wala juma lile.

Alianza kusema katika mwezi wake wa pili kwangu. Wanawake wengine waliotoka upande uleule walikuwa wamejua yuko kwangu, wakawa wanakuja kumwona kila siku ya ine, yaani Alhamisi, mchana, baada ya soko. Walikuwa saba, mara nyingine tisa. Nilikuwa nimestaafu kazi ya usekretari katika shule ya sekondari, na chumba cha mbele cha nyumba yangu nilikifanya biro ya uchapaji: meza moja, kompyuta moja ya zamani, ordinateur tunavyoiita, imprimante moja ya kuchapia karatasi, na benchi ya wateja. Wanafunzi waliniletea kazi zao za kumaliza masomo niwachapie. Basi wale wanawake walikaa kwenye benchi ya wateja na kusimulia, na mimi, kwa sababu vidole vyangu vimezoea kuandika kila kinachosemwa mbele yangu, nikaanza kuandika.

Mwanzoni niliandika kwa Kiswahili, nikifasiri papo hapo. Mama mudogo alinisimamisha.

“Kiswahili nilisema na basoda,” alisema. “Kifaransa, batu bengine njo banakisemaka pa fasi yangu. Hii maneno nitaisema mu Kinande, na weye utaandika vile vile.”

Kwake Kiswahili kilikuwa cha askari, na Kifaransa cha wale wanaosema badala yake. Wengine wakakubali. Tukakata shauri kwamba kitakuwa kitabu. Hakikuwa cha kuuza, wala cha kupelekea shirika lolote. Kila mmoja wao alitaka nakala ya nyumbani, ili wajukuu wajue nani alilima wapi, na mashamba yale yaliishaje.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza, na ilianza na herufi moja.

Kinande, lugha yetu, kina i mbili. Sikio la mtu wa kwetu halizichanganyi hata siku moja. Karatasi ndiyo huchanganya. Katika namna ya kuandika niliyofundishwa nikiwa msichana, i moja huandikwa hivyo hivyo, na ile nyingine huwekewa mkia mdogo chini yake. Mara nyingi mtu anaweza kuuacha mkia na bado akaeleweka. Lakini kuna neno erilima. Bila mkia ni kulima shamba. Ukiweka mkia chini ya ile i ya pili ni kumaliza watu, kuwaua wote asibaki mmoja. Wale wanawake walikuwa wakiyatumia maneno yote mawili pumzi moja, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: watu walikuwa wanalima, wakaja wengine wakawamaliza. Mkia ukianguka, wauaji wanakuwa wakulima.

Programu ya kuandikia niliyokuwa nayo ilikuwa ile ambayo mji wetu mzima unaitumia na ambayo hakuna anayejua vizuri aliipataje. Nimeandikia nayo barua za wakurugenzi, mialiko ya harusi, na kazi za wanafunzi zisizo na hesabu. Sikuwahi kuilaumu. Nilipojaribu kuiandikia mkia chini ya i, ilinipa kisanduku kitupu. Nikajaribu namna nyingine, ikanipa mkia lakini kando ya herufi, kama koma iliyopotea njia. Niliizungusha siku tatu, nikaiacha.

Jirani yangu, mwalimu wa informatique, somo la kompyuta, alinipa programu ya pili kwenye clé, kijiti cha USB. Ilikuwa ya bure. Mkia ulionekana kwenye kioo cha ordinateur, na kwenye karatasi pia. Nilifurahi majuma mawili. Ila mashini yangu ilikuwa ya zamani, na kila maandishi yalipopita kurasa arobaini ile programu ilikuwa inaganda, kioo kinabaki cheupe, na ninapoiwasha tena kazi ya mchana mzima haipo. Siku moja ilimeza ushuhuda wa mwanamke aliyekuwa amelia saa mbili ili auseme. Nilimwomba aurudie. Alifunga kitenge chake vizuri, akasema atarudia juma lijalo. Alirudia, lakini ulikuwa mfupi kuliko wa kwanza, na nilijua kwamba yaliyokosekana hayatarudi.

Ndipo niliposikia habari ya programu ya tatu. Mteja wangu mmoja alinionyesha tangazo kwenye simu: programu ya kuandikia iliyotengenezwa kwa ajili ya lugha zetu, yenye kibodi ya Kinande, isiyoganda hata kwenye mashini dhaifu. Wenyewe waliotengeneza walikuwa mbali, ng’ambo. Aliyeiuza huku kwetu alikuwa na butike Beni.

Nilikwenda Beni kwa taxi, nikiwa na ordinateur yangu kwenye mapaja, nimeifunga ndani ya blanketi. Butike ilikuwa karibu na msikiti, chumba cha joto chenye simu na redio na nyaya zilizoning’inia ukutani. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, Mwislamu wa Beni, ambaye baba yake alikuwa mchukuzi wa mizigo kwa malori na yeye akaingia katika vitu vya umeme. Alinipa kiti, akanipa maji, akaniita mama kwa heshima. Alifungua programu mbele yangu na kuniambia niandike neno lolote. Niliandika lile neno. Mkia ukakaa chini ya i, mweusi, mzuri, mahali pake hasa. Nikaandika ukurasa mzima kwa kujaribu. Haikuganda.

Nilimwuliza kama tunaweza kuona kwenye karatasi. Alisema imprimante yake imeishiwa wino, lakini kinachoonekana kwenye kioo ndicho kinachotoka.

Mimi niliyekaa mbele ya imprimante maisha yangu yote nilikubali neno hilo. Kila nikikumbuka nasikia moto kifuani, na moto huo haumhusu mtu mwingine ila mimi. Mwanafunzi akiniambia maneno kama hayo nisingemwamini. Lakini nilikuwa nimechoka, na ule mkia ulikuwa mzuri.

Miezi mitatu iliyofuata ilikuwa miezi mizuri. Wanawake walikuja siku ya ine, walisema, niliandika. Wale waliojua kusoma walisimama nyuma ya kiti changu na kuyafuata maneno yao kwenye kioo. Kulikuwa na mmoja mrefu, mjane, mwenye sauti nene na kicheko cha ghafla, ambaye aliomba nimwonyeshe mkia kila ulipotokea. Hakujua kusoma vizuri, lakini mkia aliujua. Alikuwa akiugusa kwa kidole, na kioo changu kilijaa alama za vidole vyake.

Tulipomaliza, nilichapa sura ya kwanza kwenye karatasi, nikampelekea mama mudogo, aliyekuwa uani anachambua maharagwe. Alifuta mikono, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti kama alivyofundishwa katekisimu. Alisoma mistari michache. Akarudi nyuma, akasoma tena. Kisha akaweka karatasi juu ya ungo.

“Hapa umeandika balilima,” alisema. “Bale batu hawakukuya kulima.”

Nilichukua karatasi. Hakukuwa na mkia hata mmoja. Nilikimbilia ndani nikaangalia kioo: mikia yote ilikuwa mahali pake. Nilichapa tena. Karatasi ikatoka safi, na mikia haipo. Nilibadili imprimante, nikaenda kwa jirani yangu mwalimu, tukachapa kwake. Vilevile. Tukajaribu kuyahamisha maandishi yaende kwenye ile programu ya bure, tukiyakata vipande vipande ili isigande. Maneno yalihama, mikia ikabaki nyuma, na kila nilipotaka kuirudisha mmoja mmoja ile programu iliganda, hata kwa jirani. Jirani alisema kosa limo ndani ya programu yenyewe, na wanaoweza kulitengeneza ni wale walioiandika.

Katika sura nzima, watu walikuwa wamefika kijijini wakati wa kupalilia, wakalima familia moja baada ya nyingine, wakalima mpaka jioni, wakaondoka.

Mama mudogo hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nitalitengeneza. Nikasema ndiyo.

Nilimpigia simu yule wa Beni. Alisikiliza, akasema ngoja aulize, na kesho yake alinipigia mwenyewe. Kosa hilo wenyewe wanalijua, alisema. Si mimi wa kwanza kulalamika. Mise à jour, yaani toleo lililosahihishwa, inatengenezwa, na mwezi ujao nitaipata kwa connexion ya intaneti, nitabonyeza tu, mkia utatoka.

Mwezi ujao ulifika. Nilinunua mégas za intaneti, nikafungua programu, nikabonyeza mahali pa kutafuta mise à jour. Kiduara kilizunguka kwa muda mrefu, halafu maandishi yakatokea kuniambia kwamba ninalo toleo la karibuni kabisa na sihitaji kufanya lolote.

Nikampigia. Akasema imesogezwa mpaka baada ya Pasaka. Baada ya Pasaka akasema mpaka likizo kubwa. Likizo ikaisha. Kila nilipobonyeza, kiduara kilizunguka na jibu likawa lilelile, kwamba ninalo toleo la karibuni kabisa. Nilianza kuichukia sentensi ile. Nilikuwa na toleo la karibuni la kitu kinachofuta mauaji, na kilikuwa kinanipongeza.

Wenyewe waliotengeneza walituma barua mara mbili kwa wote waliokuwa na programu. Mtu wa Beni alinifasiria. Walieleza kwamba wanashughulika na mambo mengine ya haraka zaidi: rangi mpya, namna mpya ya kupanga picha. Juu ya mikia walisema iko kwenye orodha. Na barua zote mbili ziliishia kwa kutushukuru kwa uvumilivu wetu.

Uvumilivu. Ninataka kusema kitu juu ya neno hilo, kwa kuwa ndilo lililonifanya nigonge meza mpaka kikombe kikaanguka. Mimi nimezaliwa hapa. Tumeambiwa tuvumilie barabara, tukavumilia mpaka malori yakazama ndani yake. Tumeambiwa tuvumilie umeme. Wakubwa wanakuja na magari yao, wanasimama uwanjani, wanatuambia tuvumilie, usalama unakuja, na tunawapigia makofi kwa sababu jua ni kali na tunataka kurudi nyumbani. Wanawake wangu saba walikuwa wamevumilia msituni na watoto migongoni. Na sasa mtu nisiyemjua, aliyekaa mahali pasipo na mlio wa bunduki, ambaye kazi yake yote ilikuwa kuurudisha mkia mmoja chini ya herufi moja, alinishukuru kwa kitu ambacho sikumpa. Sikuwa nimevumilia. Nilikuwa nimekasirika tangu siku ya kwanza, na hakukuwa na mahali kwenye programu pa kubonyeza ili wajue.

Siku ya ine wanawake waliendelea kuja, ingawa hakukuwa na la kuandika tena. Waliuliza kitabu kiko wapi, nami nikasema tunangoja mise à jour. Nilijaribu kueleza. Yule mjane mrefu alilisikia neno hilo kama Mizajuru, akadhani ni mtu. Kila juma aliniuliza kama Mizajuru bado hajatoka Beni, na kama amekosa gari. Mwanzoni tulicheka wote. Baadaye nilisikia kwamba kwake si mzaha: alikuwa anafikiri kuna mtu anayeitwa hivyo, mtu mzito, ambaye lazima afike aweke mkono wake kwenye kitabu ndipo kitoke. Nilimweleza tena, polepole. Akasema ameelewa. Juma lililofuata akauliza, “Mais huyu Mizajuru, ye hana muke wa kumusukuma?”

Alikufa mwanzoni mwa mvua, kwa presha. Alianguka sokoni, akapelekwa hospitali, hakuamka. Ulikuwa mwaka wake wa pili Butembo.

Familia yake ilijua kwamba maneno yake yamo kwangu. Binti yake mkubwa alinitumia ujumbe akaomba siku ya matanga nisome yale mama yake aliyosema juu ya shamba lao, kwa Kinande, kama alivyosema. Kurasa mbili. Nilizichapa, na mikia haikutoka, kama ilivyokuwa haitoki siku zote. Nilizitazama zile kurasa mbili juu ya meza. Kisha nikachukua kalamu nyekundu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, nikaanza kuiweka mikia kwa mkono, mmoja mmoja. Ilikuwa thelathini na minne. Nilipomaliza, baadhi ya mikia ilikuwa mirefu kama ya panya.

Nilisoma mbele ya watu. Hakuna aliyekosea kuelewa.

Juma lililofuata nilikwenda Beni. Sikumpigia simu kwanza. Nilimkuta anamhudumia mteja wa chaja, nikangoja mpaka mteja aondoke, kisha nikaweka zile kurasa mbili juu ya kaunta yake, na kando yake kurasa zilezile bila alama nyekundu. Nilimwambia asome zote mbili.

Yeye ni mtu wa hapa, Kinande ni lugha ya mama yake. Alisoma zile kurasa safi kwanza, haraka, kama mtu anayetafuta kosa la kiufundi. Kisha akasoma zenye alama nyekundu. Nilimwona anapunguza mwendo. Alifika mwisho, akarudi kwenye zile safi, akaweka kidole kwenye neno.

Niliyasema yote niliyokuwa nimebeba njiani. Nilimwambia kwamba mwanamke aliyesema maneno yale amezikwa. Nilimwambia kwamba yeye amekuwa akiniambia mwezi ujao, mwezi ujao, kama mtu anayengoja shehena ya sabuni. Nilimwambia kwamba aliniuzia kioo, si karatasi. Sikupiga kelele, ila mwenye duka la jirani alitoka nje kusikiliza.

Hakujitetea haraka. Alinionyesha simu yake: ujumbe aliokuwa ameutuma kwa wale wa ng’ambo, mwingi, mwezi baada ya mwezi, na majibu mafupi yanayofanana. Nilisema hilo halinisaidii. Alisema anajua.

“Mama, nilikuuzishia kitu yenye mi mwenyewe sikuandika nayo hata siku moja,” alisema. “Nilikuwa naonyesha batu ule mukia juu ya écran, banafurahi. Sikuuliza mukia ni ya kazi gani.”

Nilitaka aseme kitu kibaya ili niendelee. Hakusema. Hilo ndilo lililonichosha kabisa: nilikuwa nimesafiri na hasira yangu yote, nikamkuta mtu ambaye naye alikuwa anangoja, na wale waliotakiwa kuisikia hawakuwa na butike, hawakuwa na mlango. Nilikaa kwenye kiti chake. Akaniletea maji, kama siku ya kwanza, na mara hii sikuyanywa.

Mwishoni nilimwambia sitangoja tena. Nitachapa kitabu kama kilivyo, na mikia tutaiweka kwa mkono. Aliuliza ni nakala ngapi. Nikasema kumi na mbili. Akasema karatasi na wino atatoa yeye, atazituma na gari la Butembo, nisimkatalie. Sikumkatalia. Sikumshukuru pia.

Mama mudogo hakupenda shauri hilo. Alisema kitabu kitafanana na daftari ya mtoto wa shule iliyosahihishwa. Nilimwambia anipe shauri lingine. Akasema basi kalamu iwe nyeusi, si nyekundu, mikia iwekwe katika kila nakala, si kwa fotokopi, na kila mkia yeye auone.

Ilituchukua siku za ine sita. Sikuwa nimefikiria kazi hiyo itakuwaje. Kati ya wanawake waliobaki, watatu tu walijua kusoma kwa haraka. Na macho peke yake hayakutosha, kwa sababu karatasi isiyo na mikia haikuambii mkia unakwenda wapi. Lazima usikie neno. Kwa hiyo ilibidi mmoja asome kwa sauti, na wengine, kila mtu na nakala yake mbele yake, wasikilize na kuweka alama. Wasiojua kusoma walikaa karibu na wanaojua na kuweka kidole mahali pa kuandika, wakiongozwa. Maana yake ni kwamba kila ushuhuda ulisemwa tena, polepole, neno kwa neno, na kila mara neno lile lilipotokea tulisimama sote, kalamu zikashuka kwa pamoja, kisha tukaendelea. Tulikuwa tunaambiwa waliuawa, na tunaandika kwa mikono yetu kwamba waliuawa, mara mia na zaidi.

Mwanamke mmoja alitoka nje siku ya pili akatapika kwenye mfereji. Alirudi, akaomba msamaha, akachukua kalamu. Mwingine, ambaye ushuhuda wake ulikuwa umemezwa na ile programu ya bure, alipofika kwenye ukurasa wake aliongeza kwa mkono, pembeni, mistari minne ya yale yaliyopotea, herufi kubwa kubwa, na ikabidi tuinakili katika nakala zote kumi na mbili. Hakuna aliyenung’unika. Mimi ndiye niliyenung’unika, ndani ya moyo. Nilikuwa nawatazama wale wanawake wameinama juu ya meza yangu, wanarudia kufa kwa watu wao ili kuziba tundu katika mashini, na nikawaza kwamba mahali fulani kuna mtu anayechagua rangi mpya.

Mama mudogo alikagua kila nakala. Alikuta mikia miwili imewekwa chini ya kulima kwa kweli, kulima maharagwe, akaikwangua kwa wembe mpaka karatasi ikawa nyembamba. Alisema wauaji wale wamekwisha kuchukua vya kutosha, wasipewe na siku ambazo hawakuja.

Tulizishona nakala kwa uzi wa viatu, jalada la karatasi ngumu ya kahawia. Kila mtu akaondoka na yake.

Mise à jour ilifika majuma matatu baadaye. Nilikuwa nachapa kazi ya mwanafunzi, juu ya kilimo cha viazi huko Lubero, nikaona alama imetokea kwenye pembe ya kioo. Nilibonyeza. Ilishuka mara moja, kwa connexion mbaya ya mchana, kwa sababu ilikuwa ndogo sana, ndogo kuliko picha moja kati ya zile za harusi ambazo watu hunitumia nizichape. Nilifungua kitabu, nikachapa ukurasa wa kwanza. Mikia ikatoka yote, mahali pake, sawasawa, mizuri kuliko ya kwetu.

Nilidhani nitafurahi. Nilisimama nimeshika ule ukurasa na hasira ikapanda upya, mbaya kuliko ya mwanzo. Kwa mwaka na zaidi nilikuwa nimejiambia kwamba lazima kazi ile ni kubwa, kwamba wana sababu nisizozielewa, mimi sekretari wa Butembo. Sasa niliona ukubwa wake. Mtu aliyekaa vizuri angeimaliza mchana mmoja. Hawakuifanya kwa sababu waliokuwa wakiingoja walikuwa wachache, na walikuwa huku.

Mtu wa Beni alinipigia siku hiyohiyo kuuliza kama imenifikia. Nikamwambia imefika. Akangoja niseme zaidi. Nikamwambia kwamba nitamaliza kazi ya mwanafunzi niliyonayo, kisha nitaitoa programu yake kwenye mashini yangu. Akasema anaelewa. Tangu hapo sijanunua kitu kwake, ila akipita Butembo hunisalimia, nami huitika.

Nilimwuliza mama mudogo kama tuchape upya nakala zote, safi. Alisema wenye nazo waulizwe. Waliulizwa. Wawili walitaka, nikawachapia. Wengine walisema walizonazo zinasomeka.

Nakala ya marehemu ilikuwa bado kwangu. Binti yake mkubwa alikuja kuichukua saa za mchana, akitoka sokoni anakouza unga wa muhogo, nguo zake bado nyeupe. Hakutaka kukaa. Alifungua mahali pa mama yake, akasoma akiwa amesimama mlangoni, midomo ikisogea. Alipomaliza aliniuliza kama mama yake alikuwa bado mzima wakati nilipomaliza kuyaandika yale.

Nilisema ndiyo, alikuwa mzima. Alikuwa amekaa kwenye ile benchi.

Akauliza basi kwa nini hakukiona. Nikaanza kumweleza: programu, imprimante, kosa la mkia, mise à jour iliyosogezwa baada ya Pasaka, baada ya likizo. Nilikuwa nimeisimulia habari hiyo mara nyingi, lakini mbele yake kila sentensi ilinitoka mdomoni ikiwa ndogo na ya aibu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

“Bo benye programu balikuwa banangoja nini?” aliuliza.

Nilimwambia sijui. Akafunga kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, akakaza fundo kwa sababu ya mvua, akashuka njia ya soko.